Birika Lenye Lango Moja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiigusa naona haya usoni. Nilikuwa mhandisi mpya wa maji pale Dodoma, mjuaji kuliko walionifundisha.

Mkuu wangu, Mzee Ndahani, alinipa kazi ya kuchora kituo cha maji cha kijiji kimoja upande wa Kondoa: bomba la watu na birika la kunyweshea ng'ombe. Akasema, "Kabla hujashika kalamu, nenda ukakae kisimani kwao asubuhi nzima. Tazama tu."

Nikamcheka moyoni. Nikakae nitazame ng'ombe wakinywa maji? Wazee bwana. Mchoro nilikuwa nao kichwani tangu alipotamka neno birika, nikauchora siku ileile: ukuta wa mawe kuzunguka bomba na birika pamoja, na lango moja zuri. Aliponiuliza kama nilikwenda, nikasema nilikwenda. Akaniamini, akatia sahihi.

Siku ya kufungulia maji, ng'ombe wenye kiu waliyanusa wakaingia kwa pamoja, na ndani walikuwamo kina mama na ndoo zao. Hapakuwa na pa kutokea. Bi Zaina, bibi wa watu, alikanyagwa akavunjika mguu.

Wanakijiji waliuliza kwa hasira ni nani aliyechora. Mzee Ndahani akasimama. "Sahihi ni yangu. Nisameheni." Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Garini hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alisema tu, "Wewe ulianza na birika. Mimi huanza na ng'ombe mwenye kiu."

Tulifungua lango la pili, tukalihamisha bomba la watu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Bi Zaina alitembelea fimbo mpaka alipofariki. Kila nilipopita kijijini nilimwamkia, naye akaniitikia kwa upole, akaniombea na safari njema. Sikuwahi kumwambia kwamba mchoro ulikuwa wangu.

Mwanangu, usilipende jibu kabla hujalijua swali. Kwanza jiulize ni nani watakuja, watatokea wapi, na mambo yakiharibika ataumia nani. Kuuliza si ujinga. Mimi nilidhani ni ujinga, na mwingine akalipia. Na ukiulizwa kama ulikwenda, sema kweli hata kama inakuaibisha, maana aibu ya siku moja hupita.

Mungu akupe subira ya kukaa kisimani. Na akuepushe na marahaba ya mtu uliyemvunja mguu, naye hajui.