Nimetengwa kijijini, na aliyekuwa ananiangushia chumvi anazikwa leo

Habari admin. Naomba usiweke jina langu wala la kijiji, sema tu ni huku Bariadi vijijini, maana hapa kwetu wenye simu wengi wanafuatilia ukurasa wako. Nina miaka ishirini na nne, watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Mume wangu yuko Mwanhuzi anachunga ng'ombe wa watu. Niliishia darasa la saba, mnisamehe uandishi.

Mimi naishi kwa chai na maandazi. Msimu wa pamba nawauzia wapakiaji wa magari pale ghalani. Siku moja alfajiri nimeshakanda unga, umeumuka vizuri, nikasikia kilio. Bibi jirani yetu amefariki. Huku kwetu mtu akifa, mpaka azikwe hakuna kushika jembe wala kufanya biashara. Wanawake mnabeba maji, kuni na unga mnaenda msibani. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini unga ukishaumuka hausubiri, na ule ndio ulikuwa chakula cha wanangu. Nikasema nikaange haraka haraka, niwapelekee wapakiaji, halafu niende. Na kweli nilienda, mtoto mgongoni na ndoo ya maji kichwani, kaburi hata halijamaliza kuchimbwa. Hakuna aliyenitua ndoo. Niliitua mwenyewe, nusu ikamwagikia mtoto.

Baada ya maziko mwenyekiti wetu wa wanawake akanisimamisha. "Moshi wa jikoni kwako tumeuona." Mama mmoja akadakia, "Sisi tunalia huku, na mafuta yake yanalia kule!" Wakacheka, msibani hapo hapo. Adhabu ikatajwa: mbuzi, na nipige magoti mbele ya wanawake wote niseme nilimdharau marehemu.

Nikajibu, "Mbuzi natoa, hata sasa hivi. Hilo neno sitoi. Yule bibi nilimwogesha kwa mikono yangu alipokuwa hajiwezi. Sikumdharau."

Mwenyekiti akasema, "Basi kaa na maandazi yako."

Ndugu zangu wa mjini, kutengwa mnaweza mkaona jambo dogo. Husalimiwi. Huuziwi kitu, na unachouza wewe hakinunuliwi. Mashine ya kusaga ipo jirani na kwangu, naisikia inavyonguruma, ila mahindi yangu nayapeleka Ngulyati kwa miguu. Anayeongea na wewe naye anatoa mbuzi. Mwanangu mkubwa nilimfundisha kusalimia wakubwa kwa adabu, kwa hiyo anakimbia njiani, anapiga goti, "Mwangaluka mayu." Mtu mzima anamruka kama jiwe. Mtoto ananigeukia, ananiambia hawajasikia, anarudia kwa sauti. Mwanzoni nilikuwa nalia. Siku hizi hata silii, namshika mkono tunapita.

Sasa sikilizeni. Duka la kijijini ni la mzee mmoja, ambaye ndiye mume wa mwenyekiti. Chumvi iliponiishia nilienda, nikasimama nje. Akaniangalia, akaniita mwanangu kwa Kisukuma, "Ng'wanone, kwako siuzi. Sheria unaijua." Nikageuka. Nikasikia kitu kimeanguka. Pakiti ya chumvi ipo chini, miguuni pangu. Yeye anafuta meza, haniangalii. "Mikono ya uzee hii," akasema. "Kilichoanguka sijakiuza, na aliyeokota simjui."

Nikaokota. Na hela yangu nayo nikaiangusha pale pale.

Tangu hapo vitu vikawa vinaanguka. Kiberiti, sabuni, siku nyingine biskuti ya mtoto. Siku moja mke wake akauliza kutoka ndani, "Unaongea na nani huko?" Mzee akajibu, "Kuku." Wala hakucheka. Mimi nilifika nyumbani nikacheka peke yangu, nikashangaa kumbe bado najua kucheka.

Mzee huyo alifariki jana. Anazikwa leo mchana. Wanaume wanachimba sasa hivi, nasikia majembe.

Mume wangu nimempigia, anasema, "Nenda kapige magoti, ni maneno tu, hayachubui." Mama yangu yuko Ipililo, yeye anasema, "Mwanangu, usipoenda watasema kweli wewe unadharau wafu."

Nikienda hivi hivi, maji yangu yatamwagwa. Wataniuliza nimefuata nini, wakati nimetengwa. Jibu la kweli ninalo, lakini nikilitoa namwaibisha mzee wa watu akiwa bado hajafukiwa, na mjane wake atakuwa ndiye mke wa mtu aliyevunja sheria ambayo mke huyo huyo ndiye aliyeitangaza. Huyo mama alinitenga, ndiyo, ila leo amefiwa. Siwezi kumfanyia hivyo. Njia pekee ya kuingia pale kwa heshima ni kupiga magoti na kusema nilimdharau yule bibi. Yaani ili nimzike mmoja, niseme uongo juu ya mwenzake aliye kaburini.

Leo sijawasha moto. Watoto wamekula kiporo cha ugali. Ndoo imejaa, ipo mlangoni, nimeifunika kwa majani isimwagike njiani. Nimekaa naiangalia. Sisikii uchungu, sisikii chochote, ni kama mwili wangu umekaa hapa na mimi sipo.

Mwanangu ameniuliza, "Mama, leo babu ataangusha nini?" Nimemwambia avae viatu. Amevaa, amesimama kando ya ndoo.

Nyie mlioishi vijijini mnaojua mambo haya, msinitukane, niambieni tu kabla kaburi halijafukiwa: nipige magoti niseme uongo nimzike, nibaki ndani na ukweli wangu, au nijitwishe hii ndoo niende hivyo hivyo, wakiimwaga waimwage?