Mikau Arobaini ya Igoki

Mimi niliacha shule darasa la sita, na msidhani ni akili iliyopungua, ilikuwa karo. Kwa hiyo nikisema kwamba hapa Kanyakine hakuna shamba safi kama langu, sibahatishi. Wapita njia husimama kulitazama. Na Igoki, mtoto wa dada yangu, ni mimi niliyemfundisha kushika jembe kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililomponza.

Igoki alikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Meru. Kiti cha kuzunguka, maji moto bafuni, simu mbili. Akiona mende anaita mlinzi. Basi mwaka jana akaja kutuambia kwamba ameacha kazi, anakwenda Mbeere, kule chini ya Siakago, kujitolea kwenye msitu ambao wanakijiji wameutenga ili miti na wanyama wapumzike. Mshahara hakuna, stima hakuna. Dada yangu alilia kidogo. Mimi nilimwambia nitamtandikia kitanda mapema, kwa sababu wiki mbili zitamtosha.

"Anko, hicho kitanda lalia wewe," akanijibu.

Alipewa kibanda cha udongo na mtungi mmoja wa maji kwa siku, lita ishirini, unaoletwa na punda. Kunywa, kupika, kuoga na kufua vyote humo humo. Chakula kilikuwa ndengu na uji wa mtama. Simu aliipeleka kuchajiwa Siakago siku ya soko, ikazimika kabla ya soko lingine. Baada ya mwezi alinipigia kuniambia kwamba analala kama mtoto mchanga na hajui leo ni tarehe ngapi. Niliudhika. Sauti yake ilikuwa na furaha mno kwa mtu asiye na bafu.

Msimamizi wa msitu ni Mzee Nyamu, mtu wa maneno machache. Alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba atapimwa miezi mitatu. Akifaa, atakabidhiwa miche yote na kubaki. Asipofaa, njia ya kurudi kwao anaijua. Na Igoki alitaka kubaki kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwezi wa pili Mzee akaenda Embu kwa siku mbili, akamwachia kazi moja: kuna kiwanja chenye ua wa miiba, ahakikishe mbuzi hawaingii. Mbuzi hawakuingia. Aliingia Igoki. Alichungulia akaona vichaka vimefika magotini, nyasi, vijiti, kila kitu kimejiotea tu kinavyotaka. Sasa ninyi mwambieni msichana wa Kanyakine akae siku mbili akitazama hayo na jembe limeegemea ukutani. Huku kwetu magugu yakifika hapo watu huuliza ni nani amekufa. Alianza asubuhi, saa sita kiwanja kilikuwa kama uwanja wa kanisa. Halafu akakifagia.

Mzee Nyamu aliporudi, Igoki alimpeleka mwenyewe akakione, asifiwe. Mzee akainama, akapapasa udongo.

"Mikau yangu iko wapi?"

"Mikau gani, Mzee? Nimetoa magugu tu."

Arobaini. Mkau ndio mti wa mbao nzuri kule kwenye joto, na mbegu yake ni kaidi, haioti kwa kubembelezwa. Ile arobaini ilikuwa imejiotea, wanakijiji wakailinda misimu miwili ya mvua. Mzee hakupaza sauti. Alikunywa chai yake, akamwambia kwamba Alhamisi kuna gari la Meru.

Igoki akaenda kulia nyuma ya kibanda. Jirani mmoja, mama anayeitwa Ruguru, mfugaji wa mbuzi, akamkuta huko, akaambiwa kisa chote. Alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka akamwonyesha wanachojua watu wa huko: mbuzi hula tunda la mkau, kisha kokwa huitema zizini. Unaiokota, unaipasua kwa kisu na jiwe, polepole, maana ukizidisha nguvu umeua mbegu iliyo ndani. Ukiitoa nzima unaikata ncha kidogo tu, unailoweka, unailaza kwenye mchanga.

Siku hiyo hiyo Igoki akarudi kwa Mzee. "Ni mimi niliyeing'oa. Nipe hadi miezi yangu iishe, niirudishe."

"Arobaini," Mzee akasema. "Na hilo jembe nipe."

Nilimtembelea nikiwa na mkungu wa ndizi. Nilimkuta amechuchumaa juu ya samadi akiokota kokwa, kucha zimekatika, plasta vidole vitatu, anaimba. Yule wa kuita mlinzi kwa ajili ya mende. Na mimi nilipasua kokwa kumi. Mbegu zilizopona ni mbili, lakini miche ya hizo mbili ndiyo mirefu kuliko yote hadi leo, nendeni mkapime.

Siku ya mwisho Mzee Nyamu akahesabu miche. Akarudia. Thelathini na tisa. Igoki alikuwa anajua, begi alikuwa ameshalifunga. Mzee akazunguka kile kiwanja, akainama kwenye kona, akainua tawi la mwiba. Chini yake kulikuwa na mkau mmoja wa zamani ambao jembe lilikuwa limeuruka.

"Hapa uliogopa kuchomwa," akamwambia. "Arobaini. Kafungue begi."

Krismasi alikuja nyumbani, mweusi, mwembamba, anakunywa chai bila maziwa. Kabla ya kuondoka alizungushia kona moja ya shamba langu miiba, akanikataza kuigusa. Magugu sasa yamefika kiunoni. Wapita njia bado husimama, ila siku hizi wanamuuliza mke wangu kama nimelazwa hospitali. Juzi nilienda pale na jembe begani, nikachungulia, nikaona kitu kinachofanana na mche. Nikarudi na jembe langu. Ni mti gani sijui bado, na Igoki asiambiwe kwamba nilichungulia.