Kiuno cha Gauni la Kijani

Morogoro hadi Dar kwa basi, Dar hadi Doha, Doha hadi Dallas. Njia nzima nilihofia mkasi wangu wa ushonaji uliokuwa kwenye begi lililopakiwa chini ya ndege. Mke wangu alikuwa na miezi minane kaburini. Nilipakia maboksi ghalani Irving, jirani na Dallas, mwaka mzima, kisha nikahamia Houston, maana mimi sikai mahali.

Nesi mmoja Mkenya wa Pearland, pembeni mwa Houston, alisikia kanisani kuwa nashona. Akaniletea gauni la hariri ya kijani, la enzi za glavu ndefu na nywele za mawimbi, alilolipata mitumbani. Alikuwa anatimiza miaka hamsini, na alikuwa amejiunga na wanawake wanaocheza jukwaani wakivua nguo polepole, kwa madaha na utani, hadi zibaki shanga na manyoya.

"Usinitolee macho, fundi. Kwaya nimeimba miaka ishirini. Sasa nataka kuonekana."

"Natazama mshono tu, dada."

"Tazama vizuri. Ukiharibu hii gauni nitakuzika hapa Texas bila harambee."

Nilizoea kushona nguo isifunguke. Hili lilitakiwa lifunguke kwa kidole kimoja, akitembea. Nikatoa zipu yenye kutu, nikaweka vishikizo vya kubonyeza. Kiuno kilimpwaya kidogo. Vipimo vyake nilikuwa nimeviandika, vipo mezani. Sikuvitazama. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi, na tangu msiba sikuwahi kujisikia vizuri vile.

Siku ya kujaribu halikufunga. Zilibaki inchi nne.

"Fundi, hii umemshonea nani?"

Nilikitazama kiuno kile nikakijua. Mke wangu sikuwahi kumpima kwa futi. Magauni yake yote nilikata kwa macho. Nikamwambia.

Akasema, "Pole. Lakini mimi niko hai, na shoo ni Jumapili."

Nikafumua mgongo wote, nikapitisha utepe mweusi huku na huku, ngozi yake ionekane katikati. Jumapili mchana, jukwaani, aliuvuta mara moja tu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nalitazama gauni sakafuni: lilisimama kidogo kiunoni, kama lina mtu, ndipo likalala.

"Jumanne nakuletea lingine," aliniambia, jasho likimtoka, anacheka.

Jumanne nilikuwa kwenye basi linalotoka Texas. Alipopiga simu nilimwambia atafute fundi mwingine, atakayemshonea yeye.