Gari Lisilosimama Njiani

Mtaani walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kufuli na kuchonga funguo, na mdomo wake nao haukufunguka ovyo. Ungempelekea kitasa kilichogoma, angekigeuza, angekipuliza vumbi, aseme "Kesho," basi. Ukirudi kesho, kimepona. Wateja walisema ni mtu mpole. Aliyekuwa mke wake, aliyevumilia miaka tisa, alisema kuishi naye ni kama kuishi na kabati. Jamani, wote walisema kweli.

Lakini Kufuli alikuwa na binti, mmoja tu, mboni ya jicho lake. Wazazi walipoachana mtoto alikuwa na miaka sita. Mama alihamia mji mwingine, umbali wa kilomita mia na hamsini, wakakubaliana hivi: kila baada ya wiki mbili mama anamleta mtoto Ijumaa, na Jumapili baba anamrudisha. Ndipo Kufuli akanunua gari la umeme, dogo, la buluu, lililokwisha kuzungushwa na wenyewe wa kwanza mpaka likachoka.

Sasa nikwambie habari za gari lile. Kwenye dashibodi palikuwa na vijiti kumi na viwili vya mwanga. Vyote vikiwaka, betri imejaa. Ila kujaa kwenyewe kulikuwa kwa jina tu, maana vijiti kumi na viwili havikufika kilomita mia na ishirini. Kwa hiyo ndani ya gari kulikuwa na sheria. Kiyoyozi, marufuku. Redio, marufuku. Kwenye mteremko unaachia mguu, gari lijiteremkie lenyewe na kujirudishia chaji kidogo. Wakati wa mlima hakuna kuongea, kana kwamba maneno nayo yanakula umeme. Mtoto alijifunza kutoa kwa vile vijiti kabla mwalimu hajamfundisha. "Baba, kumi na viwili toa vitano, saba!" Na baba anaitikia kwa kichwa, macho barabarani.

Kwenye kilomita ya tisini palikuwa na kituo cha kuchaji, nyuma ya duka la matairi. Paa la bati, plagi moja, na kibanda cha mama mmoja mcheshi ambaye wao walimwita Mama Chai. Hapo hapakuwa na ujanja, ilikuwa lazima kusimama. Plagi ilikuwa ya polepole, saa moja na nusu ikienda mbio, na Kufuli asiyejua kuongea akajikuta amekaa na mtoto mezani bila pa kukimbilia.

Safari ya kwanza mtoto alikuwa amelia njia nzima. Kufuli hakujua afanye nini. Akaokota vizibo vya soda chini ya meza, akachora miraba kwenye boksi la chai, akasema, "Unajua drafti?" Hajui. Akamfundisha. Na mikono ya Kufuli ikipata kazi, ulimi nao hulegea kidogo. Katikati ya mchezo mtoto akauliza, "Baba, ni mimi niliwagombanisha?" Kufuli akashika kizibo hewani muda mrefu. "Wewe? Wewe ndiwe kitu pekee tulichokubaliana," alisema. Mtoto akala vizibo vitatu vya baba kwa mpigo, akacheka na kamasi zake.

Basi kikawa ndicho kituo chao. Kwenye meza ile binti alimwonyesha baba yake jino la kwanza kung'oka. Hapo ndipo alipomwambia, akiwa na miaka kumi na miwili, kuwa amekuwa mwanamwali na mama yuko mbali, afanyeje? Kufuli uso ukamwiva, akaenda kibandani kunong'ona, na Mama Chai akatoka akijifuta mikono. "Kaa huko na vizibo vyako, mzee, hili la wanawake." Na mwaka jana, binti ana miaka kumi na sita, hapo ndipo alipolia kwa ajili ya kijana mmoja ambaye Kufuli hakumwona kamwe na anamchukia mpaka leo.

Watu walimcheka. "Binti mkubwa, si apande basi?" Kufuli alikuwa akipuliza vumbi kwenye kitasa chake tu.

Lakini la kuvunda halina ubani. Mwaka huu betri ya gari la buluu ilizeeka kabisa. Vijiti kumi na viwili vikawa vinane, vinane vikawa sita, hata kituo chenyewe hakikufikika tena. Muuza magari akamwonyesha jingine: gari lile lile, jina lile lile mgongoni, hata ubuluu ule ule, ila toleo jipya. Akayaegesha mawili ubavu kwa ubavu, na kwa kweli ungedhani ni mtu na picha yake ya utotoni. La zamani lilikuwa na taa za mviringo kama limeshtuka, jipya limekunja uso. La zamani lilipiga mluzi mwembamba likiondoka, jipya linaondoka kimya kama paka. Vijiti hakuna, kuna asilimia kwenye kioo kidogo mbele ya dereva. Viti vinapashwa moto. Betri inakwenda kilomita mia tatu na nusu.

"Hili husimamishi njiani, mzee wangu," muuza magari alisema, akipiga boneti kwa kiganja. "Mlangoni mpaka mlangoni."

Alidhani anasifu. Kufuli aligeuka akalitazama la zamani. Alinunua hata hivyo. Angefanyaje? La zamani halitembei.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na safari ya kwanza kidonda kikaonekana. Binti alipanda, akasema "Waa!", akavaa vile vya masikioni, akalala. Kufuli alikusudia kuongea. Alifungua mdomo kwenye kilomita ya ishirini, na tena kwenye ya hamsini. Hakuwa mtu wa kuongea na kioo cha mbele. Walipita kituo kwa mwendo wa tisini, akamwona Mama Chai ameinua mkono na birika. Saa mbili hazikutimia, wamefika. "Asante, baba. Safari njema." Mlango ukafungwa taratibu, maana hata milango ya gari lile ilikuwa na adabu. Alirudi peke yake njia nzima, na nakwambia, mtu mzima yule alilia.

Akahesabu. Binti anamaliza shule mwaka huu. Zilibaki Jumapili nne, labda tano. Baada ya hapo nani anajua?

Jumapili iliyofuata akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe: akaacha kuchaji makusudi. Aliliacha gari kwenye asilimia thelathini na tano. Hesabu yake ilikuwa hii: tutafika kituoni tumebakiwa na kama kumi, nitashtuka, nitasema loo, betri! Tutasimama. Nani wa kunilaumu?

Walipoondoka, binti hakuvaa vya masikioni. Akabonyeza kiyoyozi mpaka mwisho, upepo ukavuma kama mlimani. Kisha akashusha kioo cha dirisha. Kisha akawasha joto la kiti chake, na akanyoosha mkono akawasha na la baba yake. Jua lilikuwa kali, lami inachemka.

"Unaumwa?" Kufuli aliuliza.

"Hapana. Naonja gari jipya tu, baba."

Zamani angesema "zima" kabla hajamaliza. Leo alinyamaza, maana mwenye kosa hana mdomo. Juu meno yanagongana, chini makalio yanaungua, na mbele yake asilimia zinateremka kuliko alivyopanga. Thelathini. Ishirini na moja. Ukaja mlima mrefu kabla ya kituo. Kumi na moja. Saba. Nne. Taa ya njano ikawaka, kengele ikalia, na gari jipya la kilomita mia tatu na nusu likaanza kutambaa kama kobe. Lori likawapita likipiga honi.

Binti akainama kutazama kioo cha dereva. "Nne? Baba! Uliondoka na ngapi?"

Kufuli akapangusa kioo cha mbele kwa kiganja.

"Baba."

"Thelathini na tano."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unaamka saa kumi na moja kuhakikisha plagi haijalegea?" Kisha akafunika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa ameelewa. "Ulitaka tusimame."

Kufuli akakaza macho barabarani, masikio yakimwaka. Binti akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mkanda wa kiti. "Njia ya mwongo fupi, baba! Na mimi nilijua umejaza! Saa nzima nimekaa na moto matakoni, nikasema nikiwasha kila kitu labda itapungua, labda tutasimama! Nimeungua bure!"

Walizima kiyoyozi, wakapandisha vioo, wakazima viti, kama zamani. Mita mia mbili za mwisho hakuna aliyeongea. Walifika kwa asilimia moja, na Mama Chai akatoka kibandani mikono kiunoni. "Mmenikumbuka leo? Au gari jipya nalo lina njaa?"

Kituoni palikuwa pameongezwa plagi ya pili, nene, ya haraka. Kufuli akachomeka hiyo. Kioo cha gari kikaandika: dakika kumi na nane.

Wakakaa. Vizibo vilikuwa bado kwenye kopo lake. Binti alivipanga bila kuangalia, kisha akasema harakaharaka, "Baba, nimepata chuo. Ni nje ya nchi. Miaka minne. Naondoka baada ya wiki sita. Ni wiki ya tatu hii najaribu kukwambia na sikuweza kukwambia kwa simu."

Kufuli akashika kizibo hewani. Akakiweka chini. Akasimama, akageuka, akaenda zake kuelekea kwenye gari.

Binti aliinamisha kichwa. Alimjua baba yake. Mama yake naye alimjua, alikuwa amemwonya: ukimwambia, atakukimbia, si kwa ubaya, ndivyo alivyo. Machozi yakaanza kudondoka kwenye boksi la drafti.

Akasikia plagi ikichomolewa. Akasikia gari likisogea, kisha kimya. Alipoinua macho, Kufuli alikuwa amelirudisha kinyumenyume hadi upande wa pili, kwenye plagi yao ya zamani, ile ya polepole, anachomeka waya huku akijifuta uso kwa mkono wa shati. Akarudi, akaketi, akasukuma kizibo chake mraba mmoja.

"Hii itachukua saa mbili na nusu," alisema. "Mpigie mama yako, mwambie tutachelewa. Mwambie baba anaongea."

"Hataamini."

"Nipe mimi simu, nimwambie mwenyewe. Halafu uanzie mwanzo. Chuo chenyewe kiko wapi, na huko baridi ni kali kiasi gani, na nani atakupokea?"