Mama Klori na Uzazi wa Mawese

Mbwa wa Benedicte aliitwa Mawese kwa sababu ya rangi yake nyekundu, na kwa sababu Benedicte mwenyewe alikuwa akiuza mafuta ya mawese pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na hakutaka kuumiza kichwa kutafuta jina lingine. Hata huyo mbwa, Benedicte hakumtafuta. Onen, askari polisi aliyekuwa akikaa kwenye kota za jirani, alipata uhamisho wa kwenda Hima. Akafunga godoro lake nyuma ya pikipiki, kisha akamkabidhi Benedicte ncha ya kamba. Upande wa pili wa kamba alikuwepo Mawese. "Mama, shika askari yangu," alisema, akaondoka bila kungoja jibu. Polisi wakihamishwa huacha vitu vingi nyuma. Mwingine huacha meza, mwingine huacha mke. Benedicte aliangukiwa na mbwa, na kabla hajajua la kufanya naye alikuwa amekwisha kumzoea.

Aliyegundua mambo alikuwa Rusi, mwenye nyumba. Asubuhi moja alisimama uani akamkagua yule mbwa kwa jicho la mtu aliyefuga mbuzi maisha yake yote. "Benedicte, mbwa yako iko na mimba," alisema. Benedicte akajibu kwamba ni kula tu, anakula sana siku hizi. Rusi akacheka mpaka akashika kiuno. Benedicte hakucheka. Alikaa juu ya bidoni, dumu la mafuta lililokuwa karibu.

Mtu mzima kuogopa mbwa kuzaa ni jambo la kuchekesha, na wapangaji wa ua ule walicheka kweli. Walikuwa na mazoea ya kumcheka. Walimwita Mama Klori, maana mlangoni mwake palikuwa na ndoo yenye bomba, ndani yake maji yaliyotiwa klori ya kuua vijidudu, na hakuna aliyevuka kizingiti bila kunawa. Rusi mwenyewe, mwenye nyumba, alinawa ndipo akaingia kudai kodi. Miaka ilikuwa imepita tangu ndoo za namna hiyo ziondolewe kwenye milango ya maduka, lakini ya Benedicte ilibaki pale, na kila asubuhi aliijaza upya.

Tabia hiyo alivuka nayo mpaka wa Kongo kutoka Butembo. Miaka ile ya Ebola watu wa Butembo walifundishwa mpaka ikawaingia kwenye mifupa: damu usiguse, jasho usiguse, mgonjwa usimguse hata akiwa mama yako mzazi. Namba ya kupiga ilibandikwa kila ukuta. Mdogo wake, Jeanine, alikuwa na mimba. Akashikwa na homa, na homa ikaleta uchungu kabla ya wakati, ndani ya nyumba waliyokuwa wakikaa wawili tu. Benedicte alipiga ile namba. Kisha akasimama mlangoni, mikono ameibana kwapani, akawangoja watu wenye mavazi ya plastiki. Mtoto hakuwangoja. Alitoka, na hakulia. Jeanine akawa anaita, "Yaya! Yaya!" yaani dada mkubwa, na Benedicte akabaki amesimama palepale. Walipofika wale watu mtoto alikuwa amekwisha kupoa. Baadaye vipimo vilirudi. Jeanine alikuwa na malaria, malaria hii hii ya kila nyumba.

Hakuna aliyemlaumu. Alifanya alivyoambiwa, na kulikuwa na majirani waliogusa wakazikwa wiki ileile. Jeanine pia hakuwahi kumsemea neno. Lakini tangu siku ile Benedicte hakukubali kuwa karibu na kiumbe chochote kinachozaa. Jirani akianza kushika kiuno, yeye hupata safari ya ghafla ya soko la Mpondwe. Mbuzi wa Rusi alipozaa, alijifungia ndani akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu ili asisikie.

Sasa Jeanine, aliyekuwa ameolewa mjini Kasese, alikuwa na mimba tena, ya kwanza tangu ile. Alimpigia dada yake simu akamwomba jambo moja: siku ikifika, awe naye chumbani. Mume atabaki nje, ni yeye anayemtaka ndani. Benedicte hakusema hapana. Alisema kuhusu wateja, akasema kuhusu bei ya mafuta, na Mawese alipoonekana ana mimba alishukuru kimoyomoyo, akasema kuhusu mbwa. "Siwezi kuacha mbwa ya afande peke yake, Jeanine. Nayo iko karibu kuzaa." "Basi mi ndiye nitakuja kwako," Jeanine akasema. "Tutazalisha hiyo mbwa pamoja."

Benedicte akakosa pa kukimbilia. Alimpigia Onen kule Hima.

"Mama, sikiliza," Onen alisema, na nyuma yake malori yalikuwa yakinguruma. "Tafuta boksi kubwa. Weka gunia, weka blanketi ya zamani. Mahali haina kelele. Maji iwe karibu. Akianza, wewe kaa mbali, wacha afanye kazi yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande. Na kama mutoto akatae kutoka?"

"Itatoka."

"Na kama atoke, asipumue?"

"Mama! Mbwa inazaa tangu zamani. Wewe umeona mbwa iko tiyeta, inapasuliwa na daktari?" Akakata simu.

Hapo ndipo matayarisho yalipoanza, na yalikuwa matayarisho ya mtu aliyetoka Butembo. Alipata boksi la mbao, akaliweka kwenye kona ya chumba chake cha kulala, akaliosha kwa klori. Gunia akalilowesha kwenye klori, blanketi vilevile, akavianika mpaka vikakauka vikawa vigumu. Sakafu aliipiga deki kwa klori, na ukuta akaufuta kwa klori mpaka pale mkono wake ulipofika. Alinunua glavu, wembe mpya na uzi mweupe, akavipanga juu ya kitambaa kilichochemshwa. Macho yalimwasha na kifua kikambana, naye akaona hiyo ni dalili njema.

Kisha akamwita mwenyewe aje aone chumba chake. Mawese alisogea, akanusa ukingo wa boksi, akapiga chafya mara tatu mfululizo, akarudi nyuma na masikio yamelala. Benedicte alimbembeleza. Aliweka dagaa ndani. Mawese alinyoosha shingo, akamnyakua dagaa kwa ncha ya meno, akatoka kumlia nje. Mtu mwingine angeelewa. Benedicte alifikiri bado pana uchafu ambao yeye hauoni ila mbwa anaunusa, akaosha tena.

Hofu ikawa inakua pamoja na lile tumbo. Siku za mwisho watoto walionekana wakicheza chini ya ngozi, na Benedicte alipowaona aligeuza uso. Alimpa Mawese chakula, akambadilishia maji, akamsemesha kutwa nzima, ila mkono wake haukugusa tumbo lile. Alikuwa na hakika kwamba mbwa atakufa, na kwamba atakufa mbele yake.

Jeanine alifika Jumapili baada ya misa, tumbo limemtangulia. Alinawa kwenye ndoo bila kuambiwa. Kisha akaingia chumbani, akasimama, akatoka haraka huku amejiziba pua.

"Yaya, huku munanuka sawa na santa ya kutibia Ebola!"

"Ni usafi."

"Mbwa haiwezi lala humu. Mi mutu, na machozi inatoka. Mbwa iko na pua kuliko sisi." Akaangaza huku na huku. "Na yeye iko wapi?"

Mawese hakuwepo. Asubuhi alikataa chakula, akawa anahema na kuzungukazunguka, na Benedicte alijua maana yake, ndiyo maana aliwahi misa ya kwanza na kukawia kurudi. Sasa kamba ilikuwa imelala peke yake uani, na mawingu meusi yalikuwa yakishuka kutoka milimani.

Benedicte alitoka mbio. Bwera mbwa anayezurura hurushiwa mawe, na mbwa anayezurura huku anahema na kutoa ute hudhaniwa ana kichaa, huyo hapewi hata nafasi ya kukimbia. Alipita kwenye mtaro, akachungulia chini ya lori bovu, akaita na kuita mpaka kwenye njia inayoteremkia mtoni. Matone ya kwanza yalimpiga usoni. Na katikati ya woga huo akasikia kitu kingine ndani yake, nacho kilikuwa furaha. Mawese asipoonekana, yeye hatalazimika kuona. Atazaa huko aliko, afe huko aliko, naye hatasimama mlangoni tena. Benedicte aliitambua furaha ile, akajichukia kwa moyo wote.

"Yaya!" Jeanine alikuwa akimwita kutoka uani. "Yaya, iko hapa!"

Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo nyembamba ya mafuta, mabidoni yamepangwa mawili mawili kwenda juu. Ubao mmoja wa mlango ulikuwa umeoza chini, na Mawese alikuwa amepenya hapo. Katika makao yale yote, hapo tu ndipo klori haikuwahi kuingia, kwa sababu mafuta ya kula hushika harufu na wateja wangeyakataa. Mawese alikuwa amejipenyeza mpaka ukutani, akafukua magunia makuukuu yenye mafuta, akajitengenezea kitanda. Alikuwa akitetemeka na kuhema, macho yamemtoka.

Jeanine alijaribu kupita kati ya mabidoni na ukuta. Alijaribu kiubavu, akajaribu kinyumenyume. Tumbo lilikataa. Kuyahamisha mabidoni kungechukua muda, na la juu likiponyoka lingemwangukia mbwa.

"Mi siingii," alisema. "Ni wewe."

"Afande amesema nikae mbali."

Mawese alijikunja, akakakamaa, akatoa sauti ambayo Benedicte hakujua kwamba mbwa anayo. Mtoto akatoka. Alitoka akiwa ndani ya mfuko wake, haujapasuka, unang'aa kwa damu. Mbwa mzoefu angegeuka akaupasua kwa meno na kumlamba mtoto mpaka apige kelele. Mawese aligeuka, akakiona kile kitu, akakiogopa. Alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akakitazama kwa mbali. Ndani ya mfuko kitu kilicheza, kikatulia.

"Yaya, pasua ule mufuko."

"Atalamba."

"Halambi! Hajui. Ni uzazi yake ya kwanza."

"Ngoja nilete glavu."

"Yaya," Jeanine alisema. Hakupaza sauti. Ni neno lilelile tu, na Benedicte akalisikia lilivyokuwa Butembo, na mikono yake ikaanza kwenda kwapani yenyewe.

Aliingia. Hata baadaye hakuweza kueleza aliingiaje. Alikwangua bega kwenye ukuta, akapiga magoti kwenye gunia lenye damu, akauchukua mfuko ule kwa mikono mitupu. Ulikuwa wa moto na unateleza. Alikuwa akilia kwa woga. Aliingiza kucha, ngozi ikapasuka kirahisi kabisa, maji yakamwagika mapajani mwake, na ndani mlikuwa na kijitu chenye pua bapa, hakipumui.

"Futa mudomo! Sugua mugongo! Na nguvu, yaya, na nguvu!"

Alimfuta kwa ncha ya kitenge alichovaa misani. Alimsugua. Hakuna kitu. Mvua ilipiga bati mpaka hakusikia pumzi zake mwenyewe. Alimsugua akiwa amefumba macho, akimwomba Mungu, akimwomba na mbwa msamaha, na alipofumbua aliona mdomo mdogo umefunguka. Kisha mtoto akalia, sauti nyembamba ya hasira. Mawese aliinua masikio. Benedicte akamsogezea mtoto chini ya pua. Mbwa alinusa, akanusa tena, akatoa ulimi.

Wa pili alipotoka mama mtu alijua kazi yake. Wa tatu naye alifuata. Benedicte alibaki amepiga magoti palepale akitazama, damu imemfika viwikoni, na kilio kilichomtoka sasa hakikuwa cha woga peke yake. Alikuwa akitazama ukucha wake, ule uliopasua mfuko.

"Ni hivi tu?" alisema. Alimgeukia Jeanine, aliyesimama mlangoni mwa stoo ameshika tumbo. "Jeanine, ilikuwa ni hivi tu?"

Jeanine hakumdanganya.

"Labda, yaya," alisema. "Labda ilikuwa hivi tu. Labda hapana. Ule wa Butembo alikuwa mudogo sana." Akafuta uso kwa kiganja. "Huyu akikuja, utamugusa?"

Benedicte aliogopa kuliko alivyoogopa Butembo, kwa sababu sasa alijua mikono yake inaweza. Akasema atamgusa.