Naimo Habebwi Tena

Naimo wa Bulapesa, mtaa wa mji wa Isiolo, alikuwa mtunzi wa buraanbur, zile tungo ambazo wanawake wa Kisomali huimba harusini, mmoja akitoa maneno na wenzake wakimwitikia kwa ngoma na makofi. Ukoo wao uliingia Isiolo na mababu waliokuwa askari wa Mwingereza, na wanawake wa nyumba hiyo walijulikana kwa ulimi. Mama yake, Asho, enzi zake alikuwa akimwimbia bwana harusi mpaka bwana harusi anatamani ardhi immeze. Naimo aliurithi ulimi huo. Miguu yake ilichukuliwa na polio angali mdogo, na tangu apate kiti cha magurudumu alikuwa akijisukuma mwenyewe kwenye vumbi la mtaa. Mtu akimjia kwa nyuma na kushika kiti bila kuuliza, alimgeukia taratibu.

"Nimekuita?"

Riziki yake ilikuwa kushona madera, kwa cherehani cha kuzungusha kwa mkono. Akiwa kazini midomo haikutulia, maana hapo ndipo tungo zilipomjia. Jioni wanawake wa kikundi chao walifika kuzichukua. Kiongozi wao alikuwa Shamis, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, mwanamke wa sauti kubwa na mwili wa kujaza mlango. Naimo alitunga, Shamis aliimba. Kila mwaka kwenye tamasha la utamaduni, pale Waborana, Waturkana, Wameru na Wasomali waliposhindana kwa ngoma, Shamis alipanda jukwaani na maneno ya Naimo, naye Naimo akabaki chini kando ya spika, akiyasikiliza maneno yake yakishangiliwa bila yeye.

Mwaka mmoja alisema anataka kuimba mwenyewe. Kamati ilikubali kwa furaha, na siku yenyewe ikaleta vijana wanne wenye misuli wambebe juu ya ngazi, yeye na kiti chake. Kwenye ngazi ya kati mmoja aliteleza. Kiti kiliinama, shela ikamtoka kichwani, dera likapanda mpaka magotini, na Naimo akabaki ananing'inia mbele ya umati wa wanaume huku simu zikimpiga picha. Alipofikishwa juu, watu walishangilia kwa nguvu, wengine wakifuta machozi. Aliimba. Makofi ya mwisho hayakufikia nusu ya yale ya kubebwa.

Tamasha lililofuata lilipokaribia na Shamis akaja kuchukua utungo mpya, Naimo hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Utungo upo," alisema. "Ila maneno yangu hayapandi mahali mimi sipandi."

Shamis alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alimbembeleza, kisha akakasirika. Alimwambia kwamba kikundi si cha mtu mmoja, kwamba vijana wangechaguliwa vizuri safari hii, hata kamba ya kumfunga kwenye kiti ingetafutwa. Naimo alisikiliza yote.

"Abaayo," alimjibu, kwa lile neno la kidada walilozoea, "mimi si gunia la sukari. Nifanyieni njia ya kupanda, ama shukeni."

Alikwenda mwenyewe kumwona Salesio, bwana wa kamati aliyesimamia jukwaa. Salesio alimkaribisha kwa heshima, akamwita mama, akamwagizia chai. Alieleza kwamba jukwaa ni la kukodi, wenye jukwaa ndio waliolijenga hivyo, na mwaka huu muda ulikuwa umeshapita. Akaongeza kwamba yeye binafsi aliguswa sana mwaka jana. Naimo aliiacha chai ikapoa mezani. Alimwuliza kama yeye Salesio amewahi kubebwa mbele ya wakwe zake.

Siku ya tamasha Naimo alifika mapema, kabla jua halijawa kali. Kikundi chao kilipoitwa, Shamis alipanda na wenzake, akiwa na utungo wa zamani kwa kukosa mpya. Hapo ndipo Naimo alipojisukuma mpaka kwenye uwazi kati ya jukwaa na viti vya wageni wa heshima, akaligeuzia jukwaa mgongo, akaanza kuimba bila kipaza sauti. Aliimba kwa Kisomali, kisha akarudia kwa Kiswahili ili pasiwe na wa kusingizia lugha:

Nimezaliwa hapa, mlinikuta hapa,
mkaleta ngazi, mkaniita mgeni.
Niulizeni mimi njia ya mji huu:
mwenyeji ndiye mimi, mgeni ni ngazi.

Mshereheshaji aliongeza sauti ya muziki. Naimo naye akaongeza yake, mishipa ya shingo ikamtoka. Alijua kwamba huenda akabaki peke yake pale chini hadi mwisho, akachekwa na watu, na alikuwa ameshajiambia kwamba hata hivyo utungo ataumaliza. Kisha akasikia ngoma. Hamdia, mpigaji wao, alikuwa ameshuka na ngoma yake kiunoni. Nyuma yake walishuka wengine, madera wameyashika mkononi, wakamzunguka na kuanza kupiga makofi. Watu wa viti vya nyuma, kwa kuwa hawakuona kitu, walisimama na kusogea mbele, mpaka wageni wa heshima wakajikuta katikati ya umati.

Shamis hakushuka. Alibaki juu na kipaza sauti chake, kisha akaondoka kwa ngazi za nyuma.

Waamuzi walikiondoa kikundi mashindanoni kwa kutotumia jukwaa. Mtaani wengine walisema Naimo ana kiburi, amewanyima wenzake zawadi. Asho, mama yake, ambaye kwa uzee alikuwa haondoki kitandani, alitaka aimbiwe ule utungo mara mbili, akasema mstari wa pili ungeweza kuwa mkali zaidi. Shamis alinuna mpaka mvua zikaja zikapita. Hatimaye alikuja na kitambaa cha dera, akakaa kwenye mkeka bila kuomba radhi, wakazungumza habari za vipimo. Alipoinuka kwenda zake ndipo alipouliza kama kuna maneno mapya. Naimo alimwambia yapo, lakini wataimba pamoja.

Mwaka uliofuata Salesio alimpigia simu, furaha tele, kumjulisha kwamba njia ya magurudumu imejengwa. Naimo alikwenda kuiona. Ilikuwa mbao mbili zilizoegemezwa jukwaani, mteremko wa kumwangusha hata mbuzi.

"Jaribu wewe kwanza," alimwambia, akamsogezea kiti chake cha zamani cha magurudumu, ambacho Hamdia alikuwa amekileta. Salesio alikaa, akajisukuma, akarudi kinyumenyume na kuanguka. Naimo hakucheka. Alimwambia irefushwe, ipanuliwe, iwekwe ukingo, na akakataa kushukuru mpaka ikamilike.

Ilikamilika asubuhi ya tamasha lenyewe. Naimo alipanda mwenyewe, polepole. Alipofika juu, ambako Shamis na wenzao walikuwa wakimsubiri, uwanja mzima ulilipuka kwa makofi. Aliinua mkono, akasubiri mpaka wote wakanyamaza.

"Sijasema kitu bado," alisema. Akamwashiria Hamdia aanze ngoma.