Kutafuta Uyoga na Mke Mwenzangu, Milima ya Zongwe

Papa alinituma mimi kwa sababu siongei. Kaka yangu angefika kwa Bibi na kumuuliza mbele ya watu wote, "Bibi, hivi vidole ni vingapi?" na Bibi angemfukuza na mwiko. Mimi nilipewa kazi ya kuangalia tu. Papa alikuwa amesikia kwa watu wanaoleta samaki wadogo wa ndagala kutoka Zongwe kwamba mama yake ameanza kusalimia miti. Kama kweli haoni, alisema, atamwondoa kule msituni aje kukaa na sisi Kalemie, apende asipende.

"Angalia vizuri, urudi uniambie. Yeye usimwambie kitu."

Shule ilikuwa imefunga kwa ajili ya Noeli na mvua zilikuwa zimeshika, na mvua zikishika Bibi yuko na uyoga wake. Kwa hiyo watu wote waliambiwa ninakwenda kutafuta uyoga. Nilijiona mpelelezi kabisa, hata nikavaa kofia ya Papa ya kanisani.

Asubuhi, bandarini. Boti ya mbao ilijaa magunia ya chumvi na sabuni, na mimi nikapata nafasi pembeni ya mbuzi. Kapiteni, ambaye anamjua Papa, aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikajibu, lakini nadhani mbuzi peke yake ndiye aliyesikia. "Ah, achaneni naye," kapiteni aliwaambia abiria, "huyu anaongea Jumapili tu." Watu wakacheka. Mbuzi akaanza kula kofia ya Papa. Sikuthubutu kumwambia mwenye mbuzi, nikabaki navuta upande wangu, naye akivuta upande wake. Njia nzima milima ilikuwa inatufuata kwa upande wa nchi kavu, kijani mpaka juu.

Mchana, Zongwe. Babu alikuwa ananingoja ufukweni, katikati ya wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu. "Tokeni njiani!" alipiga kelele. "Bibi harusi wangu amefika!"

Wasiojua desturi zetu niwaeleze. Kwetu babu ni bwana wa mjukuu wake wa kike, kwa utani, na bibi ni mke mwenza. Ukienda kuwasalimia lazima utukane na utukanwe. Usipotukana, wanafikiri umekasirika ao unaumwa. Kaka yangu ni fundi wa hayo. Mimi nilitamani niingie ndani ya wavu mmoja wanifunike.

Tukapanda. Kwanza mashamba ya muhogo, halafu msitu wenyewe, unaotoa harufu ya majani yaliyolowa. Uyoga ulikuwa kila mahali na kila mmoja na tabia yake. Juu ya magogo kulikuwa na ule mgumu uliopangana kama sahani. Kulikuwa na mdogo wa mviringo ambao ukiukanyaga unatoa moshi wa kahawia; niliukanyaga wote niliouona. Mmoja ulikuwa umevaa neti nyeupe nzuri kama ya bibi harusi, nikainama kuunusa. Ulinuka kama panya wa wiki iliyopita. Babu alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ameniona nainama na akaninyamazia, mzee yule!

Jioni, kijijini. Bibi alinikaribia mpaka pua zetu zikagusana. Nikaandika kichwani: moja. Halafu akanishika mashavu, mabega, mikono.

"Huyu njo anakuja kuninyang'anya bwana?" akauliza. "Na mikono hii ya kuku?"

"Jambo, Bibi," nikasema.

"Jambo. Babu, umechagua vibaya, hata matusi hajui."

Babu akatoa hukumu: kesho kila mke na kitunga chake, kila mke na chungu chake. Yule ambaye uyoga wake utamshinda mwenzake kwa utamu, njo atakula na bwana sahani moja. "Mwingine atakula na kuku," akasema.

Kesho yake asubuhi, msituni. Bibi alikataa kunishinda kabla hajanifundisha. "Mutu asiyejua, kumushinda ni haya," alisema. Kumbe uyoga hauangaliwi kofia. Kofia inadanganya. Unachimba kidogo, unatoa mguu mzima, unaangalia chini. Ule mkubwa wa kichuguu una mguu mrefu kama mzizi, unaingia ndani kabisa kwa mchwa. Ule wa njano, wa kama tarumbeta, hauna shida. Lakini mweupe wenye mguu uliovaa soksi, yaani kifuko kinachobaki chini, huo unaacha.

"Wengine wanakula mumoja wa soksi," Bibi alisema. "Wana matumbo yao. Sisi kwetu, soksi hapana. Nilizika jirani mwema kwa sababu ya soksi."

Wakati anasema hivyo, macho yake yalikuwa yanaangalia juu, kwenye matawi. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinasoma mguu. Nikaandika: mbili.

Tukaachana, kila mtu upande wake. Nyuma ya mti mmoja nikakuta kichuguu kimefunikwa chote, uyoga mweupe mpana kama miavuli. Sikusema neno. Lakini Bibi alikuwa amesikia kimya changu. "Umenyamaza sana, muke mwenzangu! Umepata!" Akaja mbio, kwa mbio za magoti yake, akanisukuma na kiwiko, akaanza kung'oa kwa mikono miwili huku anacheka kama mwizi. Mimi nang'oa, yeye anang'oa. Wa kichuguu ulipokwisha, akapapasa pembeni, chini ya mti, akang'oa mmoja mweupe mzuri, akautupa kitungani bila hata kuushika mguu.

Mimi niliuona mguu.

"Bibi, ule una soksi."

"Ona mujanja! Nitupe mukubwa wangu ili unishinde?"

"Bibi, kweli."

"Kweli ya muke mwenza!" Akafunika kitunga na majani, akaenda.

Mchana, kijijini. Mioto miwili, vyungu viwili. Bibi aliketi akikata miguu ya uyoga wake haraka haraka, bila kuipapasa, na kuitupa pembeni ya kigoda, halafu akatia kofia zote chunguni na karanga za kutwanga. Chungu cha mke mwenza hakiguswi. Nilipokisogelea alinipiga na jani. Nikaenda kwa Babu, nikamwambia sikioni, "Babu, usile chungu cha Bibi. Ndani kuna uyoga mbaya."

Babu akapiga magoti yake kwa furaha. "Njo vizuri! Sasa umeanza kujua matusi!" Akamwita Bibi: "Mama! Mudogo anasema unataka kuniua!"

"Mwambie angoje nife mimi kwanza," Bibi akajibu, anakoroga.

Hapo nilielewa kwamba nimenaswa. Kila neno la kweli nililosema lilikuwa linaingia katika mchezo na kutoka likiwa mzaha. Ningelia, wangesema ninaigiza vizuri. Bugali ukatengwa. Bibi, kama mke mkubwa, chungu chake kikaja kwanza. Babu akanawa, akakata tonge, akalifinya, akanyoosha mkono.

Nikakipiga chungu teke.

Mchuzi ulimwagika wote majivuni. Kuku wakaja mbio, nikawafukuza nikipiga kelele ambazo sijawahi kupiga maishani mwangu. Babu alibaki na tonge hewani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye takataka za pembeni ya kigoda, napekua mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaupata. Nikauweka mkononi mwa Bibi.

Vidole vyake vikashuka polepole mpaka chini. Vikafika kwenye kifuko. Vikazunguka mara moja, vikarudi, vikazunguka tena.

Hakutukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Riziki," alisema. Alikuwa hajaniita jina tangu nifike. "Baba yako alikutuma kuangalia nini?"

"Macho, Bibi."

"Na umeona nini?"

"Nimeona unachuma na vidole. Na leo vidole havikuangalia."

Babu aliweka tonge chini. Tukala chungu changu, sisi watatu, sahani moja. Nilikuwa nimezidisha chumvi, na wakamaliza vyote.

Siku ya kurudi. Nilidhani ninaondoka peke yangu, kumbe Bibi alikuwa amefunga kitenge chake na amebeba furushi. "Sitaki kuja kuchukuliwa kama gunia," alimwambia Babu. "Nakwenda mwenyewe." Ndani ya boti alinishika mkono njia nzima, na kwa kila aliyepita aliniuliza: "Huyu ni nani? Na yule?" Nikawa ninamwonyesha watu kwa sauti ya chini, mpaka akasema, "Pandisha sauti, maji yanakula maneno yako." Nikapandisha.

Bandarini Kalemie, kabla Papa hajaniuliza chochote, Bibi alisema, "Sioni vizuri. Nimekuja kwa muganga wa hospitali. Akimaliza, unanirudisha kwangu. Kama hutaki, sema sasa nigeuke na boti hii hii." Papa alinitazama. Nikasema, na wapagazi wakasikia: "Papa, umurudishe. Mimi nitakwenda naye kila mvua, nimuangalizie miguu." Papa alikuna kichwa, halafu akakubali. Kuhusu kofia yake bado tunaongea.

Muganga alisema ni mtoto wa jicho, na anatolewa. Bibi yuko kwetu anangoja zamu yake ya kupasuliwa, na anatusumbua wote. Mimi nilichojifunza ni kuinama. Juzi tulikwenda sokoni, nikasimama kwa mama mmoja anayeuza uyoga, nikaanza kuugeuza mmoja mmoja na kuuangalia chini. Mama yule akachoka.

"Wewe mutoto, unanunua ao unaoa?"

Zamani ningekimbia. Nikamjibu, soko zima likisikia:

"Kwanza nione miguu yake, Mama."